Vijidudu vya Maziwa: Rafiki na Adui Katika Kibuyu Kimoja

Siku moja ya soko huko Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, Bwana Mifugo alisimama mbele ya watu akawaeleza habari za ugonjwa wa brusela, ambao hutoka kwa ng'ombe na mbuzi ukawapata wanadamu. Alimaliza kwa kusema kwamba maziwa yote hayana budi kuchemshwa kabla ya kunywewa. Omong'ina mmoja aliyekuwa ameketi mbele akainua mkono, akasema: "Bwana, mimi nimechemsha kama mlivyotuagiza. Maziwa niliyoyachemsha yalikataa kuwa amabere amaruranu. Yalikaa siku tatu, yakawa machungu, yakanuka, nikayamwaga. Sasa mkisema vijidudu vyote viuawe, ni nani atakayegandisha maziwa?"

Watu walicheka. Bwana Mifugo hakucheka, wala mwandishi wa makala hii, ambaye alikuwapo kwa kazi yake ya kutafsiri, hakuona neno la kuchekesha. Omong'ina huyo alikuwa na sababu ya kuuliza. Mwanawe alikuwa amelala miezi mitatu kwa homa ya kuja na kuondoka, yenye jasho la usiku na maumivu ya viungo. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja, katika mahali pawili tofauti, kabla damu yake haijapimwa brusela. Kwa hiyo mama alitaka kulinda nyumba yake. Lakini pia hakutaka kuacha chakula ambacho Abagusii wamelea watoto wao kwacho tangu zamani za mababu. Swali lake ni swali zuri, na siku ile jibu halikupata nafasi ya kutosha. Tujaribu kulitoa hapa.

Kosa la kwanza ni letu sisi watafsiri. Tumeyaita mambo haya "vijidudu", na msikilizaji akisikia mdudu huona miguu, meno na mwiba. Tena mdudu huuawa. Ukimwondoa nyuki, ni nani aliyesikia mtu akimsifu mdudu? Viumbe tunavyovitaja hapa havina miguu wala macho wala mdomo. Kila kimoja ni chembe moja tu ya uhai, mfano wa kifuko kidogo mno chenye maji ndani. Wataalamu huviita bakteria. Vile vya maziwa vina umbo la fimbo fupi au la shanga, na hizo fimbo zikipangwa ncha kwa ncha, hutakiwa mia kadhaa ili kufika milimita moja. Basi si ajabu kwamba watu waliishi navyo maelfu ya miaka bila ya kuviona.

Aliyeviona kwanza hakuwa daktari. Alikuwa mfanya biashara ya nguo huko Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyejifunza kusaga vioo vidogo vya kukuzia vitu. Katika miaka ya 1670 alitazama maji ya ziwa na ya mvua, akaona viumbe vikiogelea. Na mwaka 1683 akaandika habari za vile alivyovikuta katika utando wa meno yake mwenyewe. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kazi ya viumbe hivyo. Ilikuwa mwaka 1857 ndipo Louis Pasteur wa Ufaransa alipoonyesha kwamba maziwa hayawi makali yenyewe, bali yako makundi hai yanayoyafanya yawe hivyo.

Sasa tuingie ndani ya kibuyu. Katika maziwa mna sukari yake, isiyo tamu sana kama ya miwa. Vijidudu vya jamii iitwayo Lactobacillus, pamoja na ndugu zake kadhaa, hula sukari hiyo, na badala yake hutoa asidi, yaani ule ukali tuuonjao ulimini. Asidi ikizidi, protini ya maziwa hushikana, na maziwa yakaganda. Hayo ndiyo amabere amaruranu. Majirani wa Kericho wana mursik wao, ambao kibuyu chake hupakwa mkaa wa mti maalumu, lakini kazi iliyomo ndani ni ile ile. Wataalamu wamechunguza amabere amaruranu katika maabara, wakakuta bakteria wa namna hizo pamoja na hamira za asili.

Ukali huo si wa ladha tu. Vijidudu vingi vya kuozesha haviwezi kustawi ndani ya asidi, kwa hiyo wale wa kwanza wakiisha kushika nyumba huwafungia wengine mlango. Ndiyo maana maziwa mabichi huharibika, na mtindi mzuri hukaa siku kadha wa kadha bila friji.

Yafaa msomaji ajue pia mwendo wa kuzaana kwao. Kijidudu hakitafuti mwenzi. Hugawanyika katikati, kikawa viwili. Penye joto na chakula cha kutosha, baadhi yao hufanya hivyo kila dakika 20. Chukua kimoja tu kilichoingia katika maziwa yaliyokamwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja asubuhi ni 8. Saa mbili ni 64. Ifikapo saa sita mchana, kama hakuna kizuizi, vimekuwa 262,144. Mkamaji aliyetia kidole kichafu katika ndoo hakutia kijidudu kimoja, naye huanza hesabu hiyo kwa maelfu. Kwa hiyo mbio ndani ya kibuyu ni ya kweli: aliyeanza na watu wengi ndiye anayeshinda.

ADUI ALIYE KIMYA

Brusela hajionyeshi. Maziwa yenye brusela hayabadiliki rangi wala harufu, na ng'ombe mwenyewe huweza kuonekana mzima. Dalili inayojulikana sana ni ng'ombe kutupa mimba katika miezi ya mwisho. Mwenye ng'ombe naye, kwa huruma, humsaidia kwa mikono mitupu, kisha kondo la nyuma akawatupia mbwa. Hiyo ni njia moja kubwa ya kuingiza ugonjwa mwilini na kuutawanya kijijini. Mikono ifunikwe kwa glavu, au hata kwa mifuko ya nailoni kama hakuna glavu. Na mimba iliyotoka pamoja na kondo lake vizikwe shimo refu au vichomwe moto.

Historia ya ugonjwa huu yatufundisha jambo. Daktari David Bruce, wa jeshi la Uingereza, alikiona kijidudu chake mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta, na jina la ugonjwa latokana na jina lake. (Ndiye Bruce yule aliyefika Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale uliokuwa ukiwamaliza watu wa kando ya Ziwa Viktoria.) Lakini kukiona kijidudu si kujua kinapotoka. Askari na mabaharia wa Malta waliendelea kuugua miaka mingi, na watu wakadhani ni hewa mbaya au maji. Mwaka 1905 Daktari Themistocles Zammit, mwenyeji wa kisiwa hicho, alipima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa, akakuta alama za ugonjwa. Mwaka uliofuata maziwa ya mbuzi yakakatazwa katika jeshi, na homa ikapungua mara.

Huku kwetu hatuwezi kukataza maziwa, wala haifai. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika hesabu ya mwaka 2019, na Nyamira 605,576. Mashamba ni madogo, na ng'ombe hufungwa hatua chache kutoka jikoni. Maziwa hayo ndiyo ada ya shule na ndiyo afya ya mtoto. Kinachotakiwa ni moto.

Kisii mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya kimo hicho maji huchemka huko yakifika digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Yatosha sana. Maziwa yakipata joto la digrii 72 kwa sekunde 15 tu, au digrii 63 kwa nusu saa, brusela hufa, na kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe hufa pia. Maziwa yakiisha kuumuka katika sufuria na kukorogwa mara moja, kazi imekwisha. Anayekunywa chai ya maziwa iliyochemka hana la kuogopa. Hatari imo katika maziwa mabichi, na pia katika amabere yaliyogandishwa bila kuchemshwa, kwa sababu brusela huweza kuvumilia ukali kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Wengi hudhani ukali peke yake watosha. Hautoshi.

Na aliyekwisha kuugua asikubali kuacha dawa mapema. Vijidudu hivi hujificha ndani ya chembe za mwili wa mtu, kwa hiyo kwa kawaida daktari hutoa dawa za namna mbili pamoja, na moja hunywewa wiki sita. Homa hushuka mapema, mgonjwa hujiona mzima, huweka vidonge vilivyobaki kabatini, na baada ya mwezi huanza upya. Mwana wa yule omong'ina alikuwa katika wiki ya nne siku ile ya soko, naye mama alituambia kwamba kumshika mpaka ya sita ni kazi kubwa kuliko kumshika ndama.

JIBU LA SWALI

Sasa, kwa nini maziwa yake yalikuwa machungu? Moto hauchagui. Ulipoua brusela uliwaua na wagandishaji. Lakini wako vijidudu vingine, vitokavyo katika udongo, majani na mavi, ambavyo vikipatwa na shida hujifunga katika ganda gumu kama mbegu ya nafaka. Mbegu hizo hustahimili kuchemka. Maziwa yakipoa huamka na kukuta nyumba tupu, hakuna mpinzani. Navyo havili sukari kwanza. Hukatakata protini, na vipande vya protini hiyo ndivyo vyenye uchungu na harufu. Kwa hiyo omong'ina hakukosea kuchemsha. Alifukuza wezi pamoja na walinzi, kisha akaacha mlango wazi.

Dawa yake ni kurudisha walinzi kwa mkono wako. Mwokaji wa mikate hufanya hivyo kwa chachu, na mama zetu wengi hufanya hivyo bila kupewa jina. Chemsha maziwa, uyafunike, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu: tone likidondoshwa juu ya kifundo cha mkono lisiunguze. Ukitia chachu maziwa yakiwa bado moto utaiua. Ukingoja mpaka yawe baridi kabisa, kazi itachelewa na wezi watatangulia. Katika kila lita tia vijiko viwili au vitatu vya mtindi mzuri, ukoroge, umimine katika kibuyu safi, ukiweke mahali pasipo baridi. Kesho yake au keshokutwa yameganda.

Jambo moja lisisahauliwe. Chachu ya kwanza isitolewe katika kibuyu cha maziwa mabichi, kwa maana utakuwa umemrudishia adui njia ya nyuma. Anza na maziwa lala ya kiwandani, yaliyochemshwa kisha yakatiwa vijidudu safi. Wako mama waliotuambia kwamba ladha ya mara ya kwanza si ile ya nyumbani, na ni kweli. Kila kibuyu kikongwe kina ukoo wake ndani ya vinyweleo vya ganda lake, na ladha ya zamani hurudi kidogo kidogo. Ndiyo sababu ya kukiosha kwa maji yaliyochemka na kukianika juani mpaka kikauke: jua na ukavu huua brusela.

Hapo wakulima wa chai wataongeza neno. Katika viwanda kama Kebirigo na Nyansiongo watu husema majani "yanachachuka" kabla ya kukaushwa. Neno hilo lapotosha. Majani ya chai hubadilika rangi kwa sababu utomvu wake umekutana na hewa, kama vile tofaa lililokatwa linavyogeuka kahawia. Vijidudu havina kazi pale, na msimamizi wa kiwanda huosha mashine ili visiwepo.

VIJIDUDU VYA SHAMBANI

Omong'ina aliposikia hayo aliuliza kama wako wengine wa manufaa ambao amekuwa akiwaua bila kujua. Bwana Mifugo alimwelekeza kwenye maharagwe.

Asiye na hadubini anaweza kuona kazi ya vijidudu kwa macho yake, gharama yake ikiwa mche mmoja tu. Maharagwe yakianza kuchanua, chimba mmoja kwa jembe (usiung'oe kwa nguvu, mizizi itakatika), uutikise udongo taratibu. Utaona vinundu vidogo vimening'inia mizizini. Wengi wameviona wakadhani ni ugonjwa. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kimo kazini, na wekundu huo ni wa jamii moja na wekundu wa damu. Kikiwa cheupe hakijaanza au hakifai. Kikiwa cha kijani, kimekwisha kuzeeka.

Ndani ya vinundu wanakaa bakteria waitwao Rhizobium. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa sehemu 78 katika 100, nayo ndiyo mbolea ambayo mahindi huililia, lakini mmea hauwezi kuishika hewani. Bakteria hawa huweza. Huigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea huwalipa kwa sukari. Hermann Hellriegel wa Ujerumani alitangaza habari hiyo mwaka 1886, na miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akafaulu kuwaotesha bakteria hao peke yao katika chombo. Wakulima walikuwa wakichanganya mahindi na maharagwe zamani sana kabla ya hapo, lakini sababu hawakuijua.

Katika nchi ambayo shamba halipati kupumzika, jambo hili si dogo. Hata hivyo tusizidishe sifa. Maharagwe ya kawaida ni wavivu kidogo katika kazi hii kuliko soya au kunde, na pale udongo wenye asidi nyingi au uliokosa fosfati, vinundu huwa vichache. Hapo chokaa na mbolea ya fosfati husaidia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza unga wenye bakteria hao, uitwao BIOFIX, wa kupakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda. Ni lazima uwe ule wa zao lako, maana bakteria wa soya hawaingii katika maharagwe. Na mbegu iliyopakwa isiachwe juani, kwa sababu ni viumbe hai vilivyomo ndani ya pakiti. Tena, uvimbe usiobanduka kwa kidole, bali ulio sehemu ya mzizi wenyewe, si rafiki huyu. Huo ni wa minyoo midogo ya udongoni.

Kwa wenye migomba neno ni moja tu, nalo ni kisu. Mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaingia Kenya ya magharibi, husafiri kutoka mgomba hadi mgomba kwa kisu na panga. Ndizi huiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kutu, na shina likikatwa hutoa ute wa manjano. Kata shina lenye ugonjwa mapema mpaka chini, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa shina jingine. Ua la dume la chini ya mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, mara ndizi za mwisho zinapojitokeza, ili nyuki na nzi wasilete ugonjwa kupitia hapo.

Wiki kadhaa baadaye tulimwona omong'ina sokoni tena. Mwanawe alikuwa amemaliza dawa. Kibuyu chake kiliganda vizuri mara tatu, lakini mara ya nne chachu aliyoiweka wiki mbili haikufanya kazi, naye alitaka kujua kosa lake. Hapakuwa na kosa isipokuwa muda. Sukari ikiisha, vijidudu hukosa chakula, nao hukaa ndani ya ukali wao wenyewe wakidhoofika siku hata siku. Chachu hutaka maziwa mapya kila siku tatu au nne, hata kama ni kikombe kimoja. Aliuliza kama kikombe hicho nacho kichemshwe. Tukamjibu kwamba nacho pia.